Mpe shikamoo, kisha mwambie azime mashine

Wiki hii nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Mafinga. Amepewa usimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha mbao, na wengi anaowasimamia ni rika la baba yake. Anauliza: "Dada, nikiwa mkali naonekana sina adabu, nikiwa mpole wananipanda kichwani. Wewe ulifanyaje?" Nilimjibu kwa kifupi, ila nimeona niandike kwa kirefu maana najua mko wengi, na wote mnataka kupanda kama nilivyotaka mimi.

Kwanza niondoe jambo moja njiani. Huku Nyanda za Juu Kusini msichana akipata cheo, watu hukimbilia kumtajia Mama Anna Makinda wa Njombe, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu, 2010 hadi 2015, au Dk. Tulia Ackson wa Mbeya aliyekalia kiti hicho hicho mwaka 2022. Nawaheshimu sana. Lakini mifano hiyo haikunifaa kitu saa 8 usiku mbele ya kikaushio cha chai, mzee wa watu akinikodolea macho kuona nitasema nini. Spika ana siwa mbele yake na kanuni za Bunge mkononi. Mimi nilikuwa na kilemba kichwani na daftari.

Nimekulia Tukuyu, na kazi nimejifunzia kwenye kiwanda cha chai Rungwe, jina tuliache. Nilianza mapokezi ya majani mabichi: kupima, na kukagua kama wachumaji wameleta majani mawili na chipukizi au wamejaza magumu yaliyokomaa. Miaka ya katikati nairuka, haina hadithi. Nilipokabidhiwa zamu ya usiku, mvua zilikuwa zimekolea na malori ya majani yanapanga foleni getini.

Usiku mmoja kuni za boila zilikuja mbichi, mikaratusi iliyonyeshewa hadi ndani. Moto ukawa moshi mtupu, mvuke ukapungua, joto la kikaushio likaanza kushuka. Kwa msiojua chai: jani hunyaushwa kwanza, saa 12 hadi 18 kutegemea hali ya hewa, na likiwa bado pale linaweza kusubiri kidogo ukilipulizia hewa ya baridi. Likishapita kwenye mashine ya kukata, halisubiri mtu. Linaanza kugeuka kutoka kijani kwenda rangi ya shaba, na lisipokutana na joto la kutosha kwa wakati wake, chai imekwenda. Nikachota iliyokuwa inatoka kwenye kikaushio, nikaiminya kiganjani. Iliyokauka vizuri, ikabaki na unyevu wa kama asilimia 3, hulia na kuvunjikavunjika. Hii ilinyamaza. Ikashikana mkononi, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichochemshwa.

Nikamfuata mzee wa mashine za kukata.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, tuzime. Tusikate jani lingine mpaka joto lipande."

Akacheka. Akasema tani za zamu zitashuka, bosi atakuja juu, na yeye yuko kwenye mashine ile tangu mimi sijazaliwa. Yote kweli.

"Ni kweli baba. Tani nitazijibu mimi. Zima."

Hakuzima. Nikarudia kwa sauti ile ile, sikuipandisha, na sikuondoka pale. Akanitazama, akatazama vijana wake, akazima. Nikaandika kwenye daftari: saa, joto, sababu, jina langu, sahihi yangu.

Asubuhi kikaoni mkuu mmoja akasema mbele ya wote, "Huyu binti anaogopa mashine." Watu wakaangua kicheko. Nawakumbuka waliocheka, mmoja baada ya mwingine. Sikubishana. Niliomba sampuli zionjwe, za kabla na za baada ya saa niliyoandika. Za kabla zikatengwa, hazikufaa. Za baada zikapita daraja lake la kawaida. Hakuna aliyeniomba radhi. Leo nasimamia uzalishaji wote wa kiwanda, na mkuu yule hayupo tena. Siandiki haya kwa kujisifu. Haya, labda kidogo.

Sasa, mdogo wangu wa Mafinga, ona kilichonisimamisha usiku ule. Ni kile kiganja. Nilijua chai mbovu kwa kuishika, bila kumuuliza mtu. Vijana wengi leo wanajifunza kujiamini mbele ya kioo, wanavuta pumzi, wanajisemea mimi ni kiongozi, mimi ni kiongozi. Kisha mzee anamuuliza swali moja la kazi, anababaika. Shika kazi kwa mikono. Jua ubao mbichi kwa uzito wake kabla kipimo hakijakuambia. Waulize wazee, uliza mbele za watu bila aibu, uliza tena kesho. Mzee uliyemuuliza Jumatatu ni vigumu kukudharau Ijumaa.

Na shikamoo usiiache. Mimi niliwahi kushauriwa niache kuwaamkia ili waniogope. Upuuzi mtupu. Huku kwetu bosi asiyeamkia anasemwa mpaka kilabuni, na amri zake zinatekelezwa nusu nusu. Amkia, subiri marahaba, kisha toa agizo lako lote. Agizo la kazi litoe hadharani, lakini la kumkaripia mtu mzima lipeleke pembeni. Mimi nilikuwa natumia nyuma ya boila, kuna kelele, hakuna anayesikia.

Kingine wanachokisahau wengi ni sheria. Wazee wangu walinipima kwa swali la posho ya usiku. Walishaambiwa ni hisani ya kampuni. Nikasoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi analipwa nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Nikapeleka uhasibuni, nikafuatilia mpaka ikalipwa. Baada ya hapo sikuhitaji kurudia agizo. Ukiwatetea kwenye haki yao, ukija kuwadai wajibu wao wanakusikiliza. Someni sheria jamani, msisubiri semina.

Na ukisoma, anza na haki yako mwenyewe. Wengi wetu tunapewa cheo kwa mdomo: "kaimu kwanza, tutaona." Unabeba lawama za msimamizi kwa mshahara wa mpokea majani. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri, masharti ya kazi yako yakibadilika, akae nawe, arekebishe maelezo yako ya ajira na kukujulisha kwa maandishi. Mimi ya kwangu niliidai kwa barua, nikapiga nakala na kugonga muhuri wa mapokezi ya masijala. Walikasirika, ila walijibu. Dada, kama bado huna barua ya uteuzi, andika ya kuiomba wiki hii, kabla hujagombana na mzee yeyote.