Usizidishe volti kwa 2: jibu kuhusu seli ya shaba na fedha

Mdogo wangu unayeuliza kutoka Pongwe, futa hiyo volti 1.26 uliyoipata kwa seli yako kabla hujaikabidhi kwa mwalimu. Umeeleza kwamba seli yako ni ya shaba na fedha, kwamba hujui ipi ni anodi (upande unaotoa elektroni), na kwamba ulipotaka elektroni zilingane ulizidisha nusu-mmenyuko wa fedha (mlinganyo wa upande wake peke yake) kwa 2, ukazidisha na potenshali yake, yaani volti zake 0.80, ikawa 1.60, kisha ukatoa 0.34 ya shaba. Kusawazisha elektroni ni sahihi kabisa. Kuigusa 0.80 ndiko kulikoharibu kazi yote. Jibu ni 0.80 kutoa 0.34, yaani volti 0.46, na shaba ndiyo anodi kwa sababu potenshali yake ni ndogo zaidi.

Ninasema kwa ukali kwa sababu hesabu hiyohiyo ilinipotezea alama katika mtihani wa kidato cha sita, nami niliiandika kama nilivyofundishwa. Mwalimu mmoja wa tuisheni pale Ngamiani alikuwa akituuzia kijitabu cha majibu kilichotolewa fotokopi, na kila palipozidishwa elektroni, volti nazo zilizidishwa. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba mlinganyo ukizidishwa, vyote vilivyomo huzidishwa. Maneno hayo yanasikika kama hisabati, ndiyo maana yananikera hadi leo: anayepokea ada za watoto wa watu hana haki ya kuwafundisha jambo ambalo hajawahi kulipima.

Volti si kiasi cha nishati, bali ni nishati inayobebwa na kila kulombi moja ya chaji. Elektroni zikiwa maradufu, nishati huwa maradufu na chaji vilevile, kwa hiyo uwiano wake haubadiliki. Chungwa la Muheza likiuzwa shilingi 200, ukichukua mawili utalipa 400, lakini bei ya chungwa haijapanda.

Ukiwa bado na shaka, nenda maabara ukapime. Sugua bamba la zinki kwa msasa mpaka ling'ae, litumbukize katika myeyusho wa salfeti ya zinki, kisha katika bika nyingine weka waya wa shaba ndani ya maji ya mrututu (salfeti ya shaba), na uziunganishe bika hizo kwa karatasi ya chujio iliyoloweshwa myeyusho wa nitrati ya potasiamu. Voltimita ya dijiti itasoma karibu na 1.1, kwa kuwa 0.34 ya shaba kutoa −0.76 ya zinki, ambayo hapa ndiyo anodi, ni 1.10. Ondoa waya, weka bamba pana la shaba, na utaona namba hiyo haipandi ng'o. (Angalia alama hapo: ukiigeuza ya anodi, jumlisha, usipoigeuza, toa, usifanye yote mawili.)

Kosa hili haliishii kwenye kipengele kimoja cha swali. Nishati huru (ile ambayo seli inaweza kuifanyia kazi) hupatikana kwa kuzidisha idadi ya moli za elektroni (hapa 2), 96,500 (kulombi za kila moli ya elektroni) na volti, kisha kuweka alama ya kutoa. Kwa 0.46 unapata takriban kilojouli −88.8, kwa 1.26 unapata −243, na ukiendelea hadi kwenye konstanti ya msawazo (namba inayoonyesha mmenyuko unaelekea mbele kwa kiasi gani), 10 kwa kipeo cha 15 na nusu hivi inageuka kuwa 10 kwa kipeo cha 42 na zaidi. Ile 2 unayoitafutia nafasi mahali pake ni huku, kwenye nishati.

Kwa hiyo zidisha nishati, volti iache. Kanuni hiyo ndiyo itakayokuokoa hata ukiulizwa potenshali ya chuma chenye chaji +3 kuwa chuma kitupu, ilhali umepewa 0.77 ya kutoka +3 hadi +2, na −0.44 ya kutoka +2 hadi chuma. Usizijumlishe volti hizo upate 0.33. Hatua ya kwanza ina elektroni 1, ya pili ina 2: 1 mara 0.77, jumlisha 2 mara −0.44, unapata −0.11, ndipo ugawanye kwa elektroni zote 3, na jibu ni takriban volti −0.04.