Kwa Vijana Wanaoanza Kupima Barafu ya Kilimanjaro Wakiwa Tanga

Wengi wenu mnaojiunga na kazi ya ramani hapa Tanga huja mkiwa na tarakimu moja kichwani, kwamba Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake kati ya mwaka 1912 na 2011. Tarakimu hiyo ni sahihi, lakini kabla hamjaitumia ni lazima mjue ilivyopatikana.

Msingi wake ni kazi ya Fritz Klute, aliyepanda mlima huo mwaka 1912 pamoja na Eduard Oehler na kupiga picha zilizomwezesha kuchora ramani ya Kibo, kilele kirefu kuliko vyote cha Kilimanjaro. Kutokana na ramani hiyo eneo la barafu lilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 12.1 hivi, na watafiti walioichunguza upya miaka mingi baadaye wakalishusha hadi 11.4. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki 1.76. Uanzie 12.1 au 11.4, asilimia inakuwa karibu ileile, na ndiyo sababu naiamini. Hata hivyo, angalieni kwamba marekebisho hayo ya 0.7 yanalingana na asilimia 40 hivi ya barafu yote iliyokuwapo mwaka 2011. Kwa hiyo anayechukua tarakimu ya mwanzo kwa mtafiti mmoja na ya mwisho kwa mwingine, bila kuangalia kila mmoja alichora wapi ukingo wa barafu, anaweza kutangaza badiliko ambalo mlimani halikutokea.

Ramani nyingi za zamani za nchi yetu zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali picha za setilaiti hutumia WGS 84; hii ni mifumo miwili tofauti ya kuonyesha mahali duniani kwa latitudo na longitudo. Mkizipandanisha bila kubadilisha mfumo, ukingo wa barafu utahama kwa mita 300 hivi, na programu ya kompyuta haitawaonya. Tafuteni kwanza miamba au kingo za kreta zinazoonekana katika ramani na picha, mhakikishe zimekaa mahali pamoja, ndipo mguse barafu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni ukubwa wa pikseli, yaani vijiraba vidogo vinavyounda picha. Chukueni kipande cha barafu cha mraba chenye upande wa mita 210. Katika picha za setilaiti za Landsat zenye pikseli za mita 30, kipande hicho ni pikseli 49 tu, na 24 kati yake ziko ukingoni, mahali ambapo pikseli moja huweza kubeba barafu, mwamba na kivuli kwa pamoja. Katika picha za setilaiti za Sentinel-2 zenye pikseli za mita 10, kipande kilekile kina pikseli 441, na zilizo ukingoni ni 80. Barafu ya Kibo sasa imebaki vipande vipande, kwa hiyo kadiri inavyopungua ndivyo sehemu ya ukingo inavyozidi kutawala hesabu. Eneo mnaloliandika bila kiwango cha shaka, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kuwa kimekosea, si kipimo kamili, na mimi silipokei.

Picha za Machi hadi Mei, na za mvua za vuli, ziacheni, kwani theluji mpya hufunika mwamba na kuufanya uonekane barafu.

Msivute mstari wa upungufu hadi sifuri mkatangaza mwaka wa mwisho. Mwaka 2002 mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake walikadiria kwamba barafu hiyo ingetoweka kati ya 2015 na 2020, na miaka hiyo ilipita barafu ingalipo. Vipimo vyao vya nyuma vina thamani kubwa hadi leo. Kilichokuwa kigumu ni kukisia yajayo, kwa kuwa barafu hiyo haipungui kwa joto pekee. Ukame wa hewa, uhaba wa theluji na jua kali huifanya sehemu yake kugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji.

Mtaulizwa pia na wakulima wa Korogwe na wavuvi wa Pangani kama mto utakauka barafu ikiisha. Wajibuni kwa uangalifu, kwa sababu wanauliza kuhusu riziki yao. Maji yanayotoka Kilimanjaro kuja Mto Pangani chanzo chake kikubwa ni mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu, na mchango wa barafu ni mdogo mno. Wakitaka ushahidi, waonyesheni vipimo vya mvua, hali ya msitu na kina cha mto, wala msiwape ramani ya barafu kana kwamba ndiyo inayojibu swali lao.