Kuba la Kikopti: ni imani au ni uhaba wa mbao?

SWALI: Nasoma usanifu majengo. Kwenye picha za monasteri za Kikopti, yaani za Wakristo wa asili wa Misri, naona makuba yamesongamana juu ya paa, na kuta karibu hazina madirisha. Je, ni alama za dini au ni joto?

JIBU: Anzia kwenye mbao. Misri haina misitu. Mtende hutoa boriti dhaifu, na mbao imara zililetwa kutoka mbali, kama Lebanon. Huko Aswan, kusini mwa Misri, kinachopatikana bila shida ni udongo.

Sasa mtazame fundi wa Nubia, eneo linaloanzia Aswan kwenda kusini. Husimamisha ukuta wa nyuma kwanza, kisha huegemeza juu yake matofali mabichi, membamba, yenye mabua mengi ili yawe mepesi. Kila tofali limechorwa mifereji kwa vidole likiwa bado bichi, ndipo linang'ang'ania tope. Tao la kwanza hulalia ukuta, la pili hulalia la kwanza, hadi chumba kizima kifunikwe bila ubao mmoja wa kulishikilia. Wapo wanaosema kuba ni mbingu. Sipingi, ila naamini maana hiyo ilikuja tope likiwa limeshakauka.

Kuhusu madirisha, ni kweli jua na vumbi vinachangia, lakini usiisingizie hali ya hewa kila kitu. Makazi ya watawa ya Wadi Natrun, bonde la jangwani kaskazini-magharibi mwa Cairo, yalivamiwa mwaka 407, na uvamizi haukuishia hapo. Ndiyo maana utakuta kuta ndefu zinazozunguka, na mnara wa kukimbilia ambao mlango wake uko juu, ukifikiwa kwa daraja la mbao linaloinuliwa.

Utamaduni nao umo. Monasteri Nyeupe karibu na Sohag, ya karne ya 5, ina kuta za mawe ya chokaa zinazoinama kwa ndani kidogo na ukingo wa juu uliopinda nje, sawasawa na hekalu la mafirauni. Kwa mbali huwezi kudhani ni kanisa. Kanisa la al-Muallaqa, Cairo, limekaa juu ya lango la ngome ya Warumi. Ndani, kizuizi cha patakatifu ni mpingo uliopachikwa pembe za ndovu kwa maumbo ya nyota. Iondoe misalaba, na ungeweza kuyaona maumbo hayohayo kwenye mimbari ya msikiti wa jirani.

Ukianza kuchora majengo haya, chora mkato (jengo likionekana kama limekatwa wima) kabla ya plani (jengo likionekana kutoka juu). Plani haitakuonyesha tofali linavyoegemea.