Jeli za dawa na joto la Kaskazi: kwa mnaoanza maabara

Wanangu mnaoingia maabara mwaka huu kufanya kazi na polima zinazosikia joto (molekuli ndefu kama minyororo, zinazobadilika joto likipanda au likishuka), kabla hamjagusa unga wowote tafuteni kipimajoto. Kitieni kwenye kopo la maji lililokaa juu ya meza tangu asubuhi, muandike namba mtakayoiona. Wakati wa kipupwe, mwezi wa Julai, mtapata 25 au 26. Februari, Kaskazi imeshika na umeme umekatika, mtapata 31, pengine na zaidi. Makala nyingi mtakazosoma zimeandikwa na watu ambao "joto la chumba" kwao ni nyuzi 20 hadi 25. Kwenye kazi nyengine tofauti hiyo haisumbui. Kwenye hii inaharibu kila kitu.

Itazameni PNIPAM, polima moja ya kutengenezwa, ambayo Heskins na Guillet waliieleza mwaka 1968 na mpaka leo ndiyo inayofundishiwa. Kwenye maji baridi minyororo yake imeshikana na maji, na kioevu ni kiangavu. Ikipita nyuzi 32 hivi, maji yanaiachia, minyororo inajikunja na kujibana, na chupa nzima inageuka nyeupe kama tui. Ipoze, inarudi ilivyokuwa. Mwili wa mtu una nyuzi 37, ndiyo maana wataalamu waliipenda: nje inamiminika, ndani inajikusanya na kuishika dawa. Ila kwetu mpaka huo wa 32 unaweza kuvukwa hapo hapo mezani, mgonjwa hata hajaonekana.

Mimi nilijifunza kwa poloksama 407, polima nyengine inayomiminika ikiwa baridi na kuganda ikipata joto, ambayo ndiyo wengi wenu mtaanza nayo. Nilitengeneza jeli ya asilimia 20 wakati wa kipupwe, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, ikapita vizuri kwenye bomba la sindano. Miezi michache baadaye, kwa mizani ile ile na unga ule ule, ikaganda ndani ya bomba kabla sijaisukuma. Wiki tatu nilizimaliza nikiushuku unga, kisha maji, kisha mkono wangu. Siku nilipotia kipimajoto ndani ya kopo lenyewe, si kusoma namba ya ukutani, nikaona 30. Jeli ya kiwango kile huganda kwenye nyuzi ishirini na kitu. Haikuwa na kosa lolote. Ilifanya inachotakiwa kufanya.

Kwa hiyo poloksama iyeyusheni kwa baridi. Maji yawe kwenye nyuzi 4 au 5, unga unyunyizwe kidogo kidogo huku unakoroga pole pole, kisha kopo lilale ndani ya friji usiku kucha mpaka povu na madonge yaishe. Msishawishike kuipasha moto ili iyeyuke haraka, kama tunavyofanya na sukari, itawagandia. Siku ya umeme wa wasiwasi, nunueni barafu mapema na kuiweka kwenye kisanduku. Mabomba ya sindano nayo yapozwe kabla ya kujazwa. Hili watu hulisahau sana.

Mwani wetu unakwenda kinyume, na hapo wanafunzi huchanganyikiwa. Cottonii, mmoja wa mwani tunaoulima, hutoa karajinani aina ya kapa, kitu cha kugandishia: ukiipika na chumvi ya potasiamu inakuwa kioevu, ikipoa inaganda, ukiipasha tena inayeyuka. Poloksama huganda kwa joto. Andikeni upande wa mshale, yaani ipi huganda kwa joto na ipi kwa baridi, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. (Cottonii wenyewe hauvumilii bahari iliyopata joto, wakulima wengi wa Unguja wamebaki na spinosum, mwani wa aina nyengine, na hilo linaniuma kila nikipita ufukweni.)

Chumvi pia ina neno lake. Ile bafa ya fosfati (maji ya chumvi yasiyobadilisha ukali wake wa asidi kirahisi) mnayotumia kuigiza maji ya mwili huushusha mpaka wa kuganda, kwa hiyo namba mliyoipata kwenye maji matupu msiitegemee. Pimeni upya ndani ya bafa, na pimeni tena mkishatia dawa, kwa sababu dawa nayo huusogeza.

Kwenye jaribio la kuachia dawa, yaani kupima jeli inavyoitoa dawa polepole, beseni la maji likae 37, na kila mkichota mililita moja ya sampuli rudisheni mililita moja ya bafa iliyopashwa kwanza hadi 37. Mkirudisha ya mezani mnaipoza jeli kila mara, na matokeo yenu yatapanda na kushuka bila sababu. Hesabuni pia dawa iliyotoka na kila sampuli. Wala msitegemee jeli ya poloksama kudumu wiki nzima. Humomonyoka ndani ya saa chache au siku moja hivi.

Jambo ninalowaomba mlifikirie sana ni dawa ya matone ya macho. Uso wa jicho una nyuzi 34 hivi. Huko kwengine, mwenye rafu ya nyuzi 25, ana nafasi pana ya kuchezea. Sisi chupa ikikaa kwenye kituo cha afya Micheweni, Pemba, kisicho na kiyoyozi, nafasi ni nyuzi mbili tatu tu. Punguzeni kiwango cha poloksama 407, au changanyeni na poloksama 188, ndugu yake, kidogo kidogo, mpaka kuganda kuanzie 33 ndani ya machozi ya kuigiza. Kisha chukueni chupa moja, iwekeni dirishani mchana wa Februari, muipindue kila baada ya saa muone kama bado inadondoka.