Liulize dirisha jina lake kabla ya kuandika kanuni

SWALI: Nina studio ndogo ya uchapishaji mjini Iringa, na kompyuta yangu inatumia mfumo wa Debian pamoja na i3, programu ya kupanga madirisha kwenye skrini. Nimenakili kanuni `assign [class="gimp"] 4` kwenye faili la usanidi la i3 ili GIMP, programu ya kuhariri picha, ifunguke daima kwenye eneo la kazi la 4, lakini inafunguka popote nilipo. Fundi amenishauri niweke skripti itakayosubiri sekunde 5 kisha ilihamishe dirisha. Je, nimfuate?

JIBU: Usimfuate, kwa sababu kasoro iko kwenye herufi moja tu. i3 hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na GIMP 2.10 hujitambulisha kama `Gimp-2.10`. Endesha `xprop`, amri ya kusoma sifa za dirisha, kwenye terminali, bofya dirisha la GIMP, kisha usome mstari wa WM_CLASS: kati ya majina mawili yaliyopo, la pili ndilo `class`. Andika `assign [class="^Gimp"] 4` (alama ya `^` ni mwanzo wa jina) bila namba ya toleo, la sivyo kanuni itakufa siku utakapohamia toleo jingine. Pakia upya usanidi, funga GIMP na uifungue tena.

Karibu kila anayeniletea tatizo hili hapa Mbeya, awe ametoka Mwanjelwa au Tukuyu, ameshaaminishwa kwamba kanuni ikifanya kazi kwa mwenzake itafanya kazi na kwake. Jina la dirisha hutolewa na programu yenyewe, nalo laweza kubadilika kwa toleo au kwa mfumo: kwenye Sway, kwa mfano, ambayo ni programu kama i3 iliyoundwa kwa Wayland (mfumo mwingine wa kuonyesha madirisha), dirisha la Wayland halisi halina `class` bali lina `app_id`, hivyo kanuni ya i3 iliyonakiliwa huko hukaa kimya bila kutoa kosa lolote. Wengine hukimbilia `title`, na hapo mambo huharibika zaidi, kwani i3 hutafuta maneno hayo popote ndani ya kichwa cha dirisha; mtu aliyeandika `for_window [title="Export"] floating enable` asishangae kivinjari chake kikianza kuelea kwa sababu tu amefungua ukurasa wenye neno hilo.

Ile skripti ya kusubiri ni ganzi kwenye jino bovu. Kompyuta ikilemewa, sekunde 5 hazitatosha, na fundi yuleyule atakutoza tena ili aziongeze ziwe 10.

Kinachonikera zaidi ni mafundi wanaobandika faili zima la usanidi la mtu wasiyemjua juu ya faili la mteja. Faili hilo si mapambo ya skrini, kwa kuwa mstari wowote unaoanza na `exec` huendesha amri kwa mamlaka yako kila unapoingia, ikiwemo amri ya kupakua kitu kutoka intaneti au kufuta kazi za wateja wako. Kama fundi huyo ameshaligusa faili lako, lipitie, na kila `exec` usiyoielewa iwekee alama ya `#` mwanzoni mwa mstari, uendeshe `i3 -C` kukagua makosa ya uandishi, kisha utoke na kuingia upya.