Hela ya ruzuku ipangie siku za mbalamwezi

Wenzangu huniuliza kama hela ya TASAF, ruzuku ya serikali kwa kaya maskini, inamtoa mtoto kwenye umaskini au inampita tu. Nimekuwa mnufaika hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, nikilea watoto watatu. Jibu langu: inamsaidia sana, ikikuta imeshapangiwa kazi.

Sisi waanika dagaa tunaishi kwa mwezi wa angani. Kukiwa giza, mitumbwi inaingia ziwani na taa, asubuhi dagaa wamejaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanalala nyumbani, na sufuria zetu zinalala pia. Siku hizo ndizo zinazowatoa watoto darasani wakauze maandazi.

Malipo yangu ya kwanza yaliishia kwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa. Jioni hiyohiyo mwanangu wa darasa la tatu akaniletea daftari lake. Lilikuwa limejaa, hesabu za siku ile kaziandika kwenye jalada la nyuma, juu ya jedwali la kuzidisha. Usiku ule sikulala.

Tangu hapo naandika matumizi kabla hela haijatoka: daftari, sare, halafu debe la mahindi ambalo haliguswi mpaka mbalamwezi. Mpango unadai mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na wadogo wafike kliniki. Mwanzoni niliona wananisumbua. Lakini sharti hilo ndilo lililonipa nguvu ya kumkatalia baba yao alipotaka kumpeleka mkubwa mwaloni.

Marekani nako walijaribu. Kuanzia Julai hadi Desemba 2021 wazazi wengi walipewa hadi dola 300 kwa mwezi kwa kila mtoto. Kwa kipimo chao kinachohesabu misaada ya serikali, umaskini wa watoto mwaka huo ulikuwa asilimia 5.2. Malipo hayo yalipokoma, mwaka 2022 ukapanda hadi asilimia 12.4. Nchi yao si yetu, ila hapo nimeelewa kwa nini kukatika kwa malipo kunauma. Huku yetu ni ya kila miezi miwili. Mara moja yalichelewa, debe likaisha, mkubwa akakosa shule siku nne.

Kwa hiyo weka hisa kikobani, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, hata kama ni moja, na kitambulisho chako cha mnufaika usimwachie mkopeshaji. Na malipo yakiangukia kwenye giza, wakati dagaa wapo, nunua debe zima, ulifunge, umpe jirani akutunzie.