"Bure" si "bila ada": kwa mwalimu mkuu mpya

Wiki iliyopita nilipata ujumbe: "Shikamoo mwalimu. Nimepewa shule. Wazazi wanagoma kuchangia uji, wanasema elimu ni bure, na uchaguzi unakaribia. Nifanyeje?" Nilisoma mara tatu nikashindwa kujibu. Nimekuwa pale ulipo, mdogo wangu, na pale ndipo niliponyang'anywa shule yangu.

Hapa Tanzania, Januari 2016 Serikali ilianza elimu bila ada wala michango ya lazima. Mwezi ule madarasa ya kwanza yalifurika, tukakalisha watoto chini, na nilifurahi, kwa sababu wengi wao nilikuwa nimewazoea wakichunga mbuzi. Lakini ruzuku, yaani fedha ambayo Serikali huipa shule ya msingi, ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na katika hizo 4,000 hubaki Serikali Kuu kwa ajili ya vitabu. Shuleni inafika 6,000. Gawa kwa miezi 12: shilingi 500 za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo. Uji haumo. Waraka wa elimu wa Serikali wa 2016 ulisema wazi kwamba chakula cha mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi, ila jukwaani neno "bila ada" likageuka "bure", na kwa mzazi bure ni bure.

Sisi tulipatana kilo kumi za mahindi na 2,000 ya mpishi kwa kila mtoto. Uji ukapikwa. Watoto waliokuwa wakisinzia saa nne wakaanza kunyoosha mikono. Utoro ulipungua bila fimbo hata moja, na hilo najivunia mpaka leo.

Kosa langu lilikuwa dogo. Mhazini wa kamati ya shule alikuwa shambani, wazazi wakaja na fedha asubuhi, nami nikapokea. Wazazi 37, shilingi 74,000. Nikaandika kwenye daftari langu, bila stakabadhi, nikafungia mezani. Sikula hata senti.

Ilikuwa 2019, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba. Mgombea mmoja alisimama kwenye mkutano wa kijiji akiwa na picha ya daftari langu kwenye simu. "Mwalimu mkuu anauza elimu ya Serikali!" Watu wakapiga makofi, wakiwemo waliokuwa wamekaa kwenye kikao tulichopatana. Nilitazama nyuso zao mmoja mmoja, hakuna aliyesimama. Baada ya wiki mbili nikapewa barua ya kurudi kufundisha darasani, shule nyingine. Uji ulikoma. Yule bwana alishinda, na sijasikia kwamba amewahi kukanyaga pale shuleni.

Kwa hiyo nisikilize. Fedha usiishike. Ishikwe na mhazini wa kamati, kwa stakabadhi, na mtendaji wa kijiji ajue. Uamuzi utoke kwenye mkutano wa wazazi, mhutasari usainiwe siku ile ile, nakala moja kwa mtendaji, moja kwa afisa elimu kata. Asiyetoa, mwanawe asirudishwe nyumbani wala asinyimwe uji mbele ya wenzake. Ukimrudisha au ukimnyima umevunja waraka, na umemwadhibu mtoto kwa deni lisilo lake. Na fedha, narudia, usiishike.

Walimu wenzangu, tumezoea kunyamaza wanasiasa wakiahidi kwa niaba yetu. Mzazi ambaye hajawahi kuelezwa kwamba shule inapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi atakataaje kumwamini anayemwambia kila kitu kimelipwa? Bandika hesabu ukutani. Isome kwenye mkutano kwa sauti, kwa lugha ya kijijini kwenu kama kuna bibi asiyeelewa Kiswahili. Isome sasa, kabla kampeni hazijaanza, maana zikishaanza hata hesabu sahihi itaitwa ya upinzani au ya chama.

Mdogo wangu, mhutasari wako wa kwanza nitumie niupitie kabla haujasainiwa. Na mzazi akija na noti saa moja asubuhi, uko peke yako ofisini, mwambie asubiri mhazini arudi kutoka shambani.